Kiporo Kinaanza Jana Jioni

Haya asanteni, kaeni jamani kaeni, mkisimama hivyo mnanifanya nijione mgeni rasmi na mimi sijaja na bahasha ya mtu. Hamjambo wanangu? Mwenyekiti wenu aliponipigia akasema mama njoo utuongeleshe kuhusu kubana matumizi, nikamwambia mwanangu hayo matumizi mimi siyajui, sijasoma uchumi, mimi nimepika tu. Miaka 22 nimeuza chakula hapa Dar, nimeanza na jiko moja la mkaa na sufuria mbili, naamka saa kumi alfajiri nawasha moto mtoto mgongoni. Akasema basi hicho hicho mama. Kwahiyo nimekuja na hicho hicho.

Nianze na neno lenyewe. Siku hizi ukisema kiporo vijana wote mnawaza ligi. Simba ana viporo viwili, Yanga ana kimoja, mnakaa kijiweni mnapiga hesabu za pointi ambazo hata hazijachezewa. Ofisini nako kazi ya jana isiyoisha inaitwa kiporo. Lakini mwenye neno ni sufuria, wengine wamelikopa tu, na pwani huku wazee walikuwa na neno jingine kabisa, mwiku, yaani kile kilicholala kikaliwa asubuhi. Sasa mimi nimekaa nikaona watu wa mpira wamelielewa hili neno kutushinda sisi wa jikoni, maana kule kiporo kina tarehe, kiko kwenye ratiba, kocha anajua atakicheza lini na atampanga nani. Sisi huku kiporo ni ajali. Umepika kingi, umeshiba, umefunika ukalala, asubuhi unafunua unanusa unakunja uso unamwaga nyuma ya nyumba kuku wafurahi. Halafu tunasema maisha magumu. Ni magumu kweli sibishi, ila na sisi tunayasaidia.

Kwahiyo neno langu la leo ni moja tu, hata mkisahau mengine yote: kiporo kinaanza jana jioni. Ukisubiri mpaka asubuhi ndo ufikirie utakifanyia nini hicho chakula umeshachelewa.

Kuna kijana mmoja amepanga jirani na kwangu, leo hayupo kwahiyo namsema vizuri. Anafanya kazi, anajitegemea, geto lake safi, ana mtungi wa gesi ule mdogo wa kilo 6 na sufuria mbili ambazo bado zinang'aa, mjue hapo kuna tatizo, sufuria ya mtu anayepika haing'ai hivyo. Nikamuuliza mwanangu unakula wapi, akasema asubuhi chai na chapati mbili kibandani, mchana wali maharage, usiku zege, yaani chipsi mayai. Kila siku zege? Kila siku mama, labda siku nikikosa. Tukapiga hesabu, ilikuwa inamtoka buku tano kwa siku, siku nyingine inazidi. Kwa wiki ni elfu thelathini na tano. Kwa mwezi laki na nusu, na analalamika kodi ya chumba ambayo hata haifiki hapo.

Nikamwambia nipe elfu ishirini twende wote sokoni Jumamosi. Tukarudi na mchele kilo mbili, maharage kilo moja, sembe kilo mbili, mafuta ya kupima nusu lita, dagaa, vitunguu, nyanya mafungu mawili, nazi moja na mchicha. Bei zinapanda na kushuka kwahiyo msinishike mashati mkienda wenyewe mkakuta tofauti, halafu gesi hatukuihesabu na jasho lake hatukulihesabu. Lakini alikula wiki nzima usiku na asubuhi, mchana akawa anabeba, na Ijumaa alikuwa na unga bado.

Kilichomsaidia kijana yule sio bei. Bei hata nyinyi mnazijua. Kilichomsaidia ni kwamba nilimkataza kuunga maharage.

Subirini msicheke nitaeleza. Sisi tumezoea, maharage yakishaiva tu unatupia kitunguu, nyanya, karoti, tui la nazi, chumvi, sufuria nzima inakuwa mchuzi. Tamu. Usiku unakula, asubuhi unakula, mchana unaanza kuyachoka, usiku huyataki hata kuyaona na tui limeshaanza kuchacha maana tui ndo la kwanza kuharibika, nazi haina subira. Unamwaga. Hukumwaga kwa sababu ulipika mengi, umemwaga kwa sababu umepika kitu kimoja kingi. Sasa sisi wapishi wa kuuza hatufanyi hivyo hata siku moja. Sisi tunachemsha chukuchuku, maharage na maji basi, yakiiva yanakaa pembeni, halafu unachota upawa unaunga kile cha kuuza saa hiyo. Mteja akitaka ya nazi unaunga ya nazi, akitaka makavu unakaanga makavu. Kuchemsha ni kazi ya wiki, kuunga ni kazi ya siku.

Chukua nusu kilo ya maharage makavu. Yakiiva yanakuwa kama kilo moja na robo hivi kwa sababu yamekunywa maji, kwa mtu mmoja hiyo ni milo minne au mitano. Jioni ya kwanza unachota robo yake unaunga na nazi unakula na wali, hiyo ndo sherehe. Kesho yake unakaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi, nyanya, unayatupia yakauke kauke, unakula na chapati. Keshokutwa kuna yule mama anauza mahindi ya kuchemsha njiani, nunua mawili, pukuchua, changanya na maharage, kitunguu kidogo na hoho, hayo ni makande ya dakika kumi, na Mkenya akikaa hapo atakwambia amekula githeri na wote mko sawa. Yakibaki kidogo ya mwisho mwisho ponda na mwiko, tia pilipili manga na kitunguu saumu na ndimu, paka kwenye chapati kunja. Hapo utasema umekula maharage siku nne? Umekula vitu vinne.

Na kabla sijaenda mbali, maharage yalowekwe. Usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine. Najua kuna wavivu wanatia magadi yaive haraka, yanaiva ndio ila unaua vitamini na ladha inakuwa ya sabuni. Na yale mekundu hasa yachemke kwelikweli, sio yalainike tu kwa moto wa kubembeleza, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, ni moto wa kuchemka ndo unaivunja.

Eeh, mkono nimeuona pale nyuma. (Dada mmoja akauliza: mama hayo yote ni ya mwenye friji, mimi sina friji wala umeme wa uhakika, nifanyeje?)

Swali zuri na nilikuwa nalisubiri, kwa sababu mimi mwenyewe miaka 9 ya kwanza sikuwa na friji. Nitakujibu ila kwanza niwaambie kilichonikuta, manake hapa ndo watu wanapoumia.

Kulikuwa na shughuli kwa jirani, nikapewa pilau sinia zima kurudi nalo, pilau la nyama lile lenye viazi. Saa nne za usiku hiyo. Nikalijaza kwenye hotpoti lote likiwa la moto nikabana mfuniko nikajua nimelitunza. Asubuhi nimefunua bado lina uvuguvugu, linanukia hiliki na mdalasini vizuri kabisa, nikapasha mpaka likatoa moshi, nikawapa wanangu wakanywa na chai wakaenda shule. Saa tano niko kwenye biashara naitwa, wote wawili wanatapika. Tukakimbizana hospitali, nesi akaniuliza wamekula nini, nikajitetea mama wa watu, nikasema nimepasha dada, limechemka! Akanambia wali hauna habari na kupasha kwako.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwenye mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi ukipika, zinakaa kimya tu. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu muda mrefu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu, na ile sumu ndo haisikii moto tena. Hata upashe mpaka uungue sumu iko palepale. Wala haina harufu, kwahiyo ile pua yetu tunayoiamini sana haikusaidii kitu. Shirika la Afya Duniani wanasema kabisa chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na hatari iko kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Sasa hii Dar yetu mwezi wa kwanza mwezi wa pili, ndani kwenye bati, usiku wenyewe unatoka jasho, hapo hata hizo saa mbili ni nyingi, mimi naipa saa moja. Na hotpoti, jamani hotpoti ni chombo cha kupeleka chakula mezani, cha kumsubirishia mtu anayechelewa kidogo. Sio cha kulaza chakula. Hotpoti inashuka joto polepole, taratiibu, yaani inakaa mulemule kwenye uvuguvugu usiku kucha kama imetumwa.

Tangu siku ile wali wangu wa kulala nautandaza kwenye sinia. Nautandaza mwembamba, nafunika na kawa au chandarua kile cha chakula inzi wasisogee, ukipoa tu unaingia friji. Majirani walikuwa wananicheka, mama fulani anaanika wali. Nikasema cheka tu.

Sasa dada yangu usiye na friji. Kwako kiporo kiwe cha usiku mmoja na kiwe cha vitu vikavu. Ugali unalala vizuri kuliko wali. Chapati inalala. Viazi vitamu vya kuchemsha na mihogo ya kuchemsha isiyo na nazi wengi wanavilaza mpaka asubuhi, ila zile saa mbili zinavihusu navyo, ukiweza vimalize usiku. Wali pika wa kumaliza, hata kama ni kikombe kimoja cha chai cha mchele, hicho kinatosha watu wawili. Kitu cha nazi kiishe usiku uleule, mpe jirani, mpe mlinzi, usikilaze. Maharage chukuchuku yasiyo na chumvi wala kitunguu, wazee wetu walikuwa wanayachemsha tena usiku kabla ya kulala, yatokote vizuri, yanafunikwa moto moto na hayaguswi mpaka asubuhi wanayatokosha tena. Walivuka nayo usiku mmoja, ila ukikumbuka zile saa mbili haina uhakika, na usiifanye ya siku tatu. Ukiona povu jembamba juu, ukiona yanavuta uzi kama mlenda, mwaga, usionje kuhakikisha. Na kitu kingine, mkiwa wapangaji sita nyumba moja na mmoja ana friji, mchangieni umeme awawekee vibakuli, kila mtu na jina lake. Mtagombana, najua mtagombana kuna atakayekula cha mwenzie, lakini ni nafuu.

Mwenye friji naye asijione amefika. Friji haiuwi kitu, inachelewesha tu. Siku tatu, ikizidi nne, kitu kilichopikwa kiwe kimeliwa. Unachojua hutakila ndani ya hapo kigandishe mapema kikiwa bado kizuri, sio siku ya tano unakitupa frizani kama unamzika mtu. Na kipimo, gandisha kwenye vifuko vidogo vya mlo mmoja mmoja. Mimi nimeshaona mtu anapigana na bonge la maharage kwa nyundo.

Haya tuingie kwenye vitamu. Ugali wa jana. Ugali wa jana kwangu mimi ni mtamu kuliko wa leo na nitasimama nao popote. Kata vipande kama mihogo ya kukaanga, mafuta kidogo kwenye kikaango, uache ushike rangi upande mmoja kabla hujageuza, usiuchokonoe chokonoe. Kitunguu, nyanya moja, chumvi, kama una yai vunja juu. Ndo ile zege yako hiyo mwanangu, umebadilisha kiazi tu! Chapati ya jana iliyokakamaa nyunyizia maji kwa vidole, weka kikaangoni funika, dakika moja inalainika kama imetoka sasa hivi. Ikishindikana kabisa kata nyuzi nyuzi uikaange na yai na karoti na kabichi.

Viazi mbatata vya kuchemsha vilivyobaki ponda, ndimu, pilipili, chumvi, finyanga vidonge, chovya kwenye unga wa dengu au hata ngano iliyokorogwa na maji, kaanga. Kachori. Zanzibar huwezi kula urojo bila hizo, na mama wa Forodhani hakuhoji kiazi kimepikwa saa ngapi ilimradi kizima. Mkate uliokauka chovya kwenye yai na maziwa kaanga. Ndizi mbivu zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi, zile ambazo watoto hawazitaki, Waganda wanaziponda wanachanganya na unga wa muhogo wanakaanga wanaita kabalagala, na wala hazihitaji sukari kwa sababu ndizi ikishakuwa nyeusi yenyewe ni sukari. Nimejifunza kwa mama mmoja wa Kampala tuliyekuwa tunauza naye karibu. Yeye naye nilimfundisha kupalia makaa juu ya mfuniko wa wali, tukawa hatudaiani.

Wali ulioamka salama, hapo namaanisha ule uliolala kwenye friji, changanya kidogo kwenye mchele uliolowekwa wakati unasaga wa vitumbua, vitumbua vinakuwa laini ndani. Au kaanga na kitunguu na mchicha wa jana na dagaa wachache. Ukoko sisemi kitu, kwetu ukoko tuligombea mpaka tukapigwa, mama anakwangua sufuria watoto watano mikono iko juu. Sijawahi kuona ukoko ukibaki.

Mifupa ya kuku usitupe. Kichwa cha samaki usitupe. Unachemsha na tangawizi na ndimu unapata supu ya asubuhi ambayo ungeinunua. Maziwa yaliyogoma kuchemka yakakatika, kama yalikuwa masafi chuja, yale mabonge kaanga na kitunguu na manjano. Machicha ya nazi peleka kwa mwenye kuku akupe yai, mimi nilikuwa na mkataba kabisa.

Ila kuna vitu havina kiporo na hapa naomba mnisikilize sana. Unga ulioota ukungu, mahindi yenye rangi ya kijani kijani, karanga zilizokunjamana zenye uchungu, hizo usizipembue usizioshe usizisagie kuku. Tupa. Kuna sumukuvu humo na sumukuvu haifi kwa moto wa ugali. Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125 kwa mahindi ya hivyo, na hapa kwetu 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa pia, watu waliokuwa wanakula chakula chao wenyewe nyumbani. Kwahiyo kubana matumizi kuna mwisho wake. Watu wanasema akiba haiozi, mimi nimepika miaka 22 nawaambia inaoza.

Kwa ujumla huko duniani Umoja wa Mataifa walitoa ripoti 2024 wakasema mwaka 2022 chakula kilichotupwa ni tani bilioni 1.05, na zaidi ya nusu kimetupwa majumbani, sio hotelini wala sokoni. Kila mtu kilo 79 kwa mwaka, za nyumbani peke yake. Niliposikia nikasema hapana hao ni Wazungu, lakini ripoti inasema nchi tajiri na nchi za kipato cha kati majumbani hatupishani sana. Nikaenda kuangalia ndoo yangu ya taka nikanyamaza.

Moto. Nisiongee sana, ila hela nyingine inapotelea hapo. Mtu anawasha jiko la mkaa, anapika chai, anazima kwa maji. Mkaa umelia! Ukishawasha moto uwe na foleni: maharage yakitoka wali uingie, wali ukitoka viazi vitamu vifukiwe kwenye majivu, maji ya kuoga yamalizie. Mwenye gesi, funika sufuria, na maharage yachemke nusu saa nzima kwa moto mkali halafu toa, yatie na sufuria yake kwenye kapu kubwa ulilolijaza blanketi kuukuu na majani makavu ya mgomba, bana juu kwa mto wa kulalia, nenda kazini kwako. Ukirudi yameiva, gesi imelala. Hilo kapu bibi zetu walikuwa nalo, halitaki luku. Lakini ukirudi ukayakuta bado ya moto yachemshe tena kabla hujala, ukiyakuta ya uvuguvugu usiyaamini, mmeshasikia habari yake. Na wenye umeme wanaogopa zile presha kuka za umeme, wanadhani zinakula luku, maharage nusu kilo hata uniti moja haifiki. Serikali ina ule mkakati wa nishati safi, wanataka ifike 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika na nishati safi, sawa, ila hata hiyo nishati safi ikifika ukipika bila mfuniko itakuisha tu.

Sokoni nako. Msiende asubuhi kama mnanunua mboga, nendeni jioni saa kumi na mbili wenye genge wanafunga, nyanya zilizolainika fungu zima anakupa kwa bei ya nusu fungu kwa sababu kesho hazifiki. Chukua zote, pika rosti usiku huohuo, nyanya kitunguu mafuta basi, zikauke maji, weka kwenye kopo safi kwenye friji, siku tatu una kianzio. Msimu wa nyanya za Iringa ukifika tenga linashuka bei mpaka unamwonea mkulima huruma, gandisha. Mchele, kama hupiki pilau la wageni nunua chenga. Ni mchele uleule umevunjika, kwa uji, kwa vitumbua, kwa ubwabwa wa maharage nani atajua? Dagaa wa Mwanza waoshe kwa maji moto, toa vichwa, kaanga wakauke, hao wanakaa, na ni nyama hiyo. Matembele, majani ya maboga, kisamvu, usione ni mboga za shida. Kisamvu kitwangwe na kichemke muda mrefu bila haraka, kina sumu yake kikiwa kibichi, kwahiyo hicho pika Jumapili ukiwa na siku.

Jambo jingine linanikera, aibu. Kuna kijana ananiambia mama nikila kiporo demu atanionaje. (Wakacheka sana hapa.) Mwanangu, huyo demu asubuhi kwao kanywa chai ya rangi na wali wa jana uliokaangwa kitunguu, muulize vizuri. Hii ya kuona kiporo ni ufukara imekuja na zege. Mgeni hapewi kiporo, hiyo ni adabu na naikubali, mgeni mpikie. Lakini wewe mwenyewe kwenye nyumba yako ni mgeni wa nani?

Na wanaume wa hapa, naona mmekaa upande mmoja mnajifanya hii mada ni ya akina dada. Wapishi wa kwenye shughuli kubwa kubwa, masufuria yale ya kukoroga kwa makafi, ni akina nani? Wanaume. Kwahiyo kinachowashinda kwenye sufuria ndogo sijui ni nini.

Nimeonyeshwa saa, namaliza. Wale waliokula kachori pale mapumziko na mkasema tamu, viazi nilivichemsha jana mchana, nilivipika vya mchuzi vikazidi nikavitoa kabla sijatia nazi vikalala kwenye friji. Mezani nyuma kuna maharage sufuria mbili, moja nimeunga nazi nyingine makavu na pilipili, yote yamechemshwa sufuria moja juzi, chapati za leo asubuhi. Sahani zipo, mikono inanawiwa pale kwenye ndoo. Kitakachobaki mgawane, waliokuja na makopo wabebe, na wasio na friji wawe wa kwanza kupakua ili wale kiishe. Halafu ile hotpoti ya bluu ni yangu, nimeileta na chai tu, naomba irudi na mfuniko wake.